Karatasi Iliyomnyang'anya Bibi Kisima

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoteremka kwenye basi pale Mikumi nikiwa na karatasi mbili ndani ya bahasha, nikajiona nimebeba ukweli wote wa kijiji chetu cha Kisanga. Nakusimulia kwa sababu wewe na wenzako mmenichosha. Jana mmenisomea habari kwenye simu, nikauliza imeandikwa na nani, mkacheka: "Babu, si iko mtandaoni!" Nami niliwahi kujibu hivyo hivyo, na aliyeumia hakuwa mimi.

Nilikuwa nasoma chuo Morogoro, miaka ile ya soko huria, wenye fedha walipoanza kuzunguka vijijini wakitafuta maeneo. Maktaba yetu ndiyo kwanza ilikuwa imepata kompyuta yenye mtandao. Kwetu Kisanga, mfanyabiashara mmoja alilitaka eneo lenye kisima cha Bibi Mwanahawa, mjane jirani yetu. Bibi alisema kisima kilichimbwa na baba yake. Mwenyekiti wa kijiji akaniomba mimi, msomi wao, nitafute ukweli.

Nilikaa mbele ya kompyuta nusu saa tu. Nikapata makala iliyosema visima vyote vya Kisanga vilichimbwa na wenye mashamba ya mkonge. Nikaichapisha kwenye karatasi mbili bila kuisoma hadi mwisho. Alhamdulillahi, kazi imekwisha!

Kwenye mkutano wa kijiji niliisoma kwa sauti kubwa.

"Mjukuu wangu, kisima kilichimbwa mimi nikiwepo," alisema Bibi Mwanahawa.

"Bibi, hii imetoka kwenye kompyuta."

Mzee mmoja akadakia, "Kompyuta haina shamba hapa, itadanganya kwa nini?" Watu wakaangua kicheko. Ikaamuliwa kwamba, kwa kuwa wenye mkonge walishaondoka, eneo ni la kijiji, mfanyabiashara apewe. Tulipotoka nikamwamkia Bibi, "Shikamoo." Hakuitikia. Alijifunga kanga yake akapita, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwona mzee mkaidi.

Chuoni nikajisifu kwa mkutubi wetu, Mama Adela. Kwa kawaida alikuwa mpole. Siku hiyo alivua miwani.

"Kaandika nani?"

"Hajaweka jina, mama."

"Alifika Kisanga lini? Alimwuliza nani?"

Akanisomesha makala hadi mwisho, mahali ambapo sikuwa nimefika. Mwandishi mwenyewe alikiri kwamba alilala nyumba ya wageni Mikumi, na habari za visima alizipata kwa madereva wa malori. Kisanga hakukanyaga.

"Wewe umelelewa madrasa," akasema Mama Adela, ambaye mwenyewe alikuwa Mkristo. "Mwalimu wako angeikubali hadithi ya Mtume isiyojulikana imepokewa kwa nani?"

Mwanangu, nilitamani sakafu inimeze. Tangu utoto nilifundishwa kuuliza fulani kapokea kwa nani, na huyo kwa nani. Mbele ya kioo cha kompyuta nikasahau yote.

Akanipa redio kaseti ya maktaba. "Nenda ukawasikilize wenyewe. Na usiniletee ya njiani."

Nikarudi Kisanga. Nikamwomba Bibi radhi, akaniacha nimesimama uani muda mrefu kabla ya kunipa kigoda. Nikarekodi maneno yake, kisha nikaenda Lumuma kwa wazee wawili waliokuwa vibarua wa kuchimba kile kisima. Eneo lilikuwa bado halijakabidhiwa. Mkutano ulipoitwa tena, nilisimama nikasema, "Nilisoma nisichokijua." Kaseti zikapigwa, wale vibarua wakasikika wakisema aliyewaajiri ni baba yake Bibi, na kisima kikarudi kwa Bibi.

Mama Adela aliyaingiza masimulizi yale kwenye kompyuta ya maktaba, kila msimulizi kwa jina lake, kijiji chake na siku aliyosema. Nikampelekea Bibi nakala, nikamsomea. Akanikatiza, "Umemwandika baba peke yake? Udongo wote ulitolewa na mama yangu, kwa kichwa. Mwandike." Nikamwandika.

Sikuambii utupe simu. Nakuambia, kabla hujaapa kwa kitu ulichokisoma, kisome mpaka mwisho, ujue kasema nani na alijuaje. Usipojua, nenda maktaba ukamwulize mkutubi. Kusaidiwa kuuliza si aibu. Na kama mwenye habari bado yu hai, mfuate ukakae naye, kwa sababu kuna watu ambao jina lao halitaandikwa popote usipokwenda wewe. Mwenyezi Mungu akupe subira ya kusikiliza, auhifadhi ulimi wako usimdhulumu mtu, na elimu yako iwe nafuu kwa majirani zako. Amina.