Usukani Ulikuwa Umetulia

Kosa langu la kwanza kwenye ile pikapu lilikuwa kuamini maneno ya kaka yangu kuliko kiti nilichokalia.

Aliniuzia yeye mwenyewe, pikapu kuukuu aliyobebea marobota ya mitumba kutoka soko la Gikomba. Nikikanyaga breki ilitetemeka. "Ni diski za breki za mbele tu," aliniambia. Basi nikavua magurudumu ya mbele nyuma ya nyumba tulikopanga mtaa wa Tassia, nikapeleka diski kwa mafundi wa Kariobangi zikachongwa zinyooke, nikazirudisha. Ikatetemeka. Nikanunua pedi mpya za breki. Ikatetemeka. Sikusomea ufundi, nilijifunza kwa video za simu, kwa hiyo kila mtetemo niliuchukua kama hukumu juu ya mikono yangu. Nilifungua na kukaza nati zilezile hadi vidole vikachubuka. Kaka alikuwa akija na soda yake, anawaita majirani.

"Muoneni fundi wa video! Dogo, hapo ndipo bando liliishia?"

Nilicheka nao.

Jumamosi nilitakiwa kumpeleka mama ushago, kijijini kwetu, na vyombo vyake, na njia ya huko ina mteremko mrefu. Ndipo nikakubali jambo ambalo mwili wangu ulilijua tangu mwanzo: usukani haukuwahi kutetemeka. Kilichotetemeka ni kiti, na diski za mbele zikiwa mbovu, usukani ndio hutetemeka. Nikatafuta barabara tupu, nikaenda polepole, na badala ya kukanyaga breki nikavuta hendibreki, ambayo hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Kiti kikacheza.

Nikafungua magurudumu ya nyuma. Dramu, kile kikombe cha chuma kinachofunika breki, ilikuwa na ufa uliochomelewa, ukasuguliwa, ukapakwa rangi. Nikamwita kaka.

"Aah, hiyo," alisema kabla sijamwonyesha. "Ilipasuka kitambo, nikaichomelea."

"Ulijua, bro? Miezi yote hii?"

"Si wewe ndiye fundi? Nilijua utaiona tu."

"Na mama je? Angepanda hii?"

"Sasa usiende kumwambia."

Nilimwambia. Mama alisafiri kwa basi. Nami niliweka dramu nyingine, mtetemo ukaisha.

Siku hizi mtu akiniletea gari nimtengenezee, naliendesha kwanza, ndipo namuuliza lina shida gani. Kaka yangu bado namwita bro, lakini simwamini tena.