Mkono wa Nyuma Uliong'aa

Madereva wenzake wa pikipiki kule Mgeta walimwita Severini "Bibi Harusi", kwa sababu aliteremka mlima kama mtu anayechelea kukanyaga shela lake. Hakukasirika. Alikuwa mwoga kweli, na woga huo ndio uliomweka hai. Kila kona alipiga honi, kila mteremko alishika gia ndogo. Wajawazito waliokwenda kliniki na masista wa misheni walimngoja yeye, hata kama pikipiki nyingine tano zilikuwa zimesimama pale pale.

Alizaliwa huko huko milimani, akakua akibeba kabichi kichwani kwenda gulioni. Serikali ilipofungua milango ya biashara na pikipiki za bei nafuu zikamiminika nchini, aliuza njegere za misimu miwili akanunua yake. Ilikuwa na ugonjwa mmoja: akipanda mlima na mzigo mzito, gurudumu la mbele liliinuka. Siku moja, akiwa na magunia mawili ya kabichi, liliinuka mpaka akaona mawingu mahali palipokuwa na barabara. Tangu hapo alipanda amelalia tangi kifua kizima, akitokwa jasho hata asubuhi za baridi za mwezi wa sita.

Mwaka 2009 duka moja la vipuri mjini Morogoro lilileta mikono mipya ya nyuma. Mkono wa nyuma ni kile chuma chenye panda mbili kinachotoka katikati ya pikipiki na kulishika gurudumu la nyuma. Wake wa zamani ulikuwa mfupi, mweusi, mzito. Huu mpya ulizidi kwa karibu shubiri moja, mnene kama mkono wa mtu mzima, unameta kama sufuria isiyowahi kuona moto. Muuzaji alimwambia kwamba kwa urefu ule mbele hapatainuka tena. Katika hilo hakudanganya.

Fundi wake, Yunusi, mtu wa mjini aliyefanya kazi jirani na stendi ya mabasi ya Msamvu, aliugonga kwa spana na kusikiliza.

"Unaoa, au unabeba kabichi?" aliuliza.

"Nifungie tu, kaka."

"Sikiliza mlio huu. Ndani mtupu, bati tupu! Kwa kijana wa kuzunguka na lami Jumapili, haya. Lakini wewe na mawe yenu ya huko juu? Mkono mrefu unapindwa zaidi, na huu hauna nyama."

"Mbele hapatainuka?"

"Hapatainuka. Umeuhamisha ubovu kutoka mbele, umeupeleka nyuma, ambako huuoni."

Severini alicheka, akafungiwa. Miaka ile kila kitu kilipatikana, na wengi wetu tulijifunza kutamani kabla ya kujifunza kupima. Lakini si haki kusema kwamba alivutwa na mng'ao peke yake. Aliogopa mlima, akauziwa dawa ya woga, na dawa hiyo ilifanya kazi. Wiki tatu alipanda akiwa ameketi wima. Hata wale waliomwita Bibi Harusi waliinama kuutazama mkono ule, wakapiga mluzi.

Dada yake, Kristina, naye aliutazama. Binti yake, Upendo, alikuwa amevunja ungo na siku ya kumtoa ndani kwa ngoma ilikaribia. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayemleta mwali mbele ya watu. Katika kijiji chao, mwali akiwa njiani hasemi, hainui uso, wala mguu wake haugusi ardhi mpaka afike uwanjani.

"Wenzetu wa bondeni walimleta mwali wao kwa gari," Kristina alisema. "Sisi tutamleta kwa pikipiki yako. Waone, kaka. Waone kwamba na sisi tuna mjomba."

Severini alikubali, na moyo wake ulijaa.

Jumatano, siku tatu kabla ya sherehe, alikuwa akiusugua mkono ule kwa kitambaa alipoona mstari mwembamba kama unywele, kando ya pale ulipochomelewa. Alidhani ni mkwaruzo. Akapitisha ukucha wa kidole gumba. Mkwaruzo huuacha ukucha upite; ufa huukamata. Ukucha ulikwama.

Alikaa chini kwenye majani. Alijua la kufanya: kwenda mjini na kurudishiwa ule mweusi. Kazi ya siku moja. Lakini akilini akaiona pikipiki yake katikati ya vigelegele, imeshikwa na chuma chenye kutu, na uso wa Kristina. Akachukua kopo la rangi ya fedha na kuupaka ule mstari. Ulipotea kabisa, ila yeye hakulala tena usingizi wa maana.

Jumamosi asubuhi Upendo aliketi nyuma yake, miguu yote upande wa kushoto, amefunikwa khanga, uso ameuinamisha. Ngoma zilikuwa nyuma. Mbele, wanawake walicheza kinyumenyume wakimtazama mwali, na kungwi, Bibi Regina, aliwaongoza. Kushoto kulikuwa na korongo ambalo chini yake mto ulisikika bila kuonekana.

Walipita kona ya kwanza. Severini alikuwa akisikiliza kwa mgongo, kwa makalio, kwa nyayo. Walipoanza mteremko wa mawe, nyuma pakayumba kidogo, kama ng'ombe anayebadilisha mguu. Ni jiwe, alijiambia. Pakayumba tena.

Upendo alimfinya kiunoni.

"Tulia, mama," alinong'ona. "Tumekaribia."

Upendo alimfinya tena, kwa nguvu, akazikaza kucha. Severini aliona wanawake waliokuwa chini yake, migongo yao imeelekea mteremko, vinywa wazi kwa nyimbo. Akifunga breki ghafla, mtoto anaruka korongoni. Akiiachia, pikipiki inawaparamia wale. Na akisimama tu taratibu, je, atasema nini?

"Mjomba," Upendo alisema.

Mwali amesema.

"Mjomba, chuma kinafunguka. Nakiona. Kinafunguka na kujifunga."

Yeye peke yake, kati ya watu wote wale, alikuwa akitazama chini.

Severini aliielekeza pikipiki upande wa kulia, kwenye ukingo wa mlima, akabana breki ya mbele kidogo kidogo huku mguu wake ukikwaruza udongo. Nyuma palilia kwa mlio mkavu. Gurudumu likalala upande na kuuma cheni, na pikipiki ikaegemea ukingo, ikanyamaza.

"Shuka."

"Mguu wangu, mjomba..."

"Shuka, mama! Kanyaga chini!"

Alishuka. Ngoma zilikatika moja baada ya nyingine, na sauti ya mto ikapanda mpaka barabarani. Bibi Regina alirudi juu akihema.

"Umemshusha mwali njiani?"

"Nimemshusha, bibi."

"Na nimesikia sauti. Nani amesema?"

Upendo aliuzamisha uso ndani ya khanga. Severini alikuwa na uongo tayari mdomoni: pancha, jiwe, sauti ilikuwa yangu.

"Amesema yeye," alijibu. "Asingesema, mngekuwa mnamtafuta mtoni."

Kristina alifika, akainama kuutazama mkono. Rangi ya fedha ilikuwa imebanduka kama ganda la kitunguu kuuzunguka ufa.

"Mbona hapa pamepakwa rangi?" aliuliza polepole. "Ulijua?"

"Tangu Jumatano."

Kristina aliinuka. Alimfunika binti yake vizuri, akamshika mabega.

"Fidelis," alimwita mdogo wao aliyekuwa akipiga ngoma. "Weka ngoma. Njoo umbebe mtoto. Wewe ndiye mjomba leo."

Bibi Regina alimtazama mwali, akapiga kigelegele kimoja, na wengine wakamfuata. Fidelis alichuchumaa, Upendo akapanda mgongoni, na msafara ukaendelea. Hakuna aliyemtukana Severini, na hakuna aliyemwita.

Alibaki peke yake na pikipiki. Alitaka kuisukuma, lakini mikono ilikuwa imeushika ukingo wa mlima, ikakataa kuuachia. Alitazama korongoni na kupima kwa macho: kutoka pale alipoketi mtoto hadi mdomo wa korongo, hatua mbili. Aliketi barabarani, miguu mbali na korongo, akisubiri mwili wake uache kutetemeka. Chini huko ngoma zilianza upya, na mwili wake ulikuwa bado haujaacha.