Bei ya Jumla ya Marimba

Kabla sijawa muuza marimba nilikuwa muuza mitumba, na kabla ya mitumba nilikuwa mke wa mtu. Nayasema haya mapema ili asitokee wa kunionea huruma njiani. Mume wangu alinipa talaka kwa maneno machache, akasema amechoka na mdomo wangu. "Debe tupu haliachi kuvuma," ndivyo alivyopenda kuniambia mbele ya wageni. Pale mjini Dodoma hakuna aliyeshangaa. Sisi watoto wa mjini, wajukuu wa watu waliokuja na misafara ya biashara wakaoa hapahapa na kujenga misikiti, tunajuana kupita kiasi. Mwanamke akiachwa asubuhi, adhuhuri kaka yake ameshapewa pole.

Kaka yangu mkubwa alifanya kama afanyavyo kaka yeyote wa kwetu. Alinifungulia chumba cha uani nyumbani kwake, akanionyesha jiko. Hakunitesa, na nitakuwa mwongo nikisema alinitesa. Lakini nilikuwa mtu mzima ninayeomba ruhusa ya kwenda sokoni, na nikichelewa kurudi naulizwa nilipitia wapi. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka yalianza kujaa vitu baada ya kukaa matupu muda mrefu, kila mtu anauza, kila mtu anasafiri kufuata mali. Nchi nzima ilikuwa imepewa ruksa isipokuwa mimi.

Basi nikauza bangili zangu za harusi, nikapanga chumba Miyuji, nikapanda basi kwenda Kariakoo kununua belo la mitumba. Kaka hakunizuia. Alisema tu, "Chumba chako kipo. Ukichoka utarudi." Maneno yale yaliniuma kuliko matusi yote niliyopata kutukanwa. Tangu siku ile kila nilichouza nilikiuza ili nisirudi kwenye lile jiko.

Tatizo ni kwamba mitumba ilikuwa ya wote. Mashirika yalikuwa yanapunguza watu, na kila aliyepunguzwa alichukua kiinua mgongo chake akaenda Kariakoo. Karani, dereva, mwalimu, wote tukageuka wauza suruali, tumejipanga kwenye mnada tukiwa na nguo zilezile kutoka kwa tajiri yuleyule wa jumla. Mteja anakuuliza bei, kabla hujajibu jirani yako ameshapunguza. Nikaona wazi kwamba nisipopata mali ambayo wenzangu hawana, nitarudi uani kwa kaka nikiwa na viroba vya makoti yasiyouzika.

Dawa ilitoka kwa mdogo wangu, binti wa mama yangu mdogo, aliyekuwa Ulaya akisomea uuguzi. Miaka ilikuwa imepita, na kompyuta za kukodi zilikuwa zimeanza kuingia mjini. Unalipia nusu saa, unakaa kwenye kiti cha plastiki, unasubiri ukurasa ufunguke huku ukisali. Akaniandikia kwamba huko kuna mnada wa kwenye intaneti. Mtu anaweka picha ya mali yake, wengine wanapandisha dau wakiwa majumbani mwao, muda ukiisha aliyetaja bei kubwa anapelekewa kwa posta. Nilicheka peke yangu mpaka mwenye duka akanitazama. Mnada usio na dalali, usio na moshi wa nyama, usio na mtu wa kukukanyaga mguu? Lakini mdogo wangu hakuwa na mzaha. "Dada," aliandika, "tafuta kitu cha huko utakachokipata kwa bei ya jumla. Mimi nitakiweka mnadani, tutagawana."

Nilianza vibaya. Nilituma khanga, hazikupata hata dau moja. Nikatuma vinyago, kumbe watu wa Dar walishavijaza huko siku nyingi. Mdogo wangu akaanza kujibu barua zangu kwa kifupi.

Marimba niliikuta mnadani Chemba, nilikokuwa nimekwenda kuuza makoti. Kulikuwa na mtu amesimama katikati ya mbuzi wake, haiti wateja, hapigi kelele. Ameshika kisanduku cha mbao chenye vyuma vyembamba, anavichezesha kwa vidole gumba. Sauti ilikuwa ya vitu viwili kwa pamoja: wimbo mtamu, na juu yake mvumo kama nyuki waliokasirishwa. Nimezaliwa Dodoma, ngoma za Wagogo nimezisikia tangu utotoni, lakini nilikuwa sijawahi kusimama nikasikiliza. Niliacha makoti yangu yakilindwa na Mungu. Yule mwenye mbuzi akaniambia fundi aliyeitengeneza anakaa kijiji kimoja mbele ya Chamwino.

Nikaenda. Fundi alikuwa mtu wa umri wangu, mwenye mbuzi wachache na kisu kikali. Nilimsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akaitikia huku akicheka matamshi yangu.

"Mswahili amekuja kununua nini? Mbuzi wa kuchinja Idi hatuna."

Nikamwambia nataka marimba. Akanitajia bei ya moja, bei ya haki kabisa. Nikazitazama zilizopangwa ukutani, nikavuta pumzi, nikaanza kazi yangu niliyojifunzia Kariakoo.

"Na nikichukua zote, utanifanyia bei gani ya jumla?"

Akafikiri. "Zote zitakuwa ghali zaidi."

Nikadhani hatujaelewana. Nikamweleza taratibu kwamba mtu akinunua nyingi hupunguziwa, ndiyo biashara ilivyo dunia nzima. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Dada, ukichukua moja, nimekuuzia marimba. Ukichukua zote, umeniachia ukuta. Vijana wa hapa wakija kutaka za kupigia kwenye mavuno, niwaambie nini? Kuwaambia watu wasubiri nako kuna bei yake."

Nilibishana naye mpaka mate yakakauka. Nilisonya, nikaaga, nikarudi, nikaaga tena. Yeye anaendelea kuchonga. Mwishowe nililipa, na nilipanda gari nikiwa nimefura. Tulipokaribia mjini hasira ikageuka kicheko, maana niliona kitu: kwa bei ya jumla ya namna ile, hakuna mtu wa Kariakoo atakayenifuata. Nilikuwa nimepata mali ya peke yangu.

Kabla sijaondoka kwake, fundi alikuwa amenionyesha siri ya ule mvumo. Nyuma ya kisanduku kuna tundu dogo, na juu ya tundu anabandika kwa nta ule utando mweupe, mwembamba kama karatasi, ambao buibui huuweka ukutani kufunikia mayai yake. Ukipiga chuma, utando unatikisika, marimba inavuma. Utando ukitoka, mvumo unakwisha.

Nikamlipa mpiga picha wa studio, zile picha zikaingizwa kwenye kompyuta, mdogo wangu akaziweka mnadani. Jamani, siku ile niliyoona dau linapanda mbele ya macho yangu, nikifungua ukurasa upya na upya, nilitamani kumshika mkono mtu wa kiti cha pili. Nililipa kodi ya chumba Miyuji bila kumwomba mtu. Nilinunua kitanda. Nikarudi kwa fundi, nikalipa ile bei yake ya kinyume bila kusonya sana.

Kisha malalamiko yakaanza. Mnunuzi mmoja akaandika kwamba marimba yake imefika imepasuka, inakoroma. Mwingine aliona uchafu kwenye tundu, akaupangusa kwa kitambaa chenye maji, halafu akalalamika kwamba haisikiki kama kwenye maelezo. Kule kwenye intaneti kila mnunuzi anaacha neno lake, na neno hilo linabaki hapo kila anayepita alisome. Mdogo wangu akanitumia yote. Mwishoni akaweka habari aliyodhani itanifurahisha: mwenye duka moja la huko anataka marimba nyingi kwa mkupuo, lakini zisivume. "Mwambie fundi aache kubandika ule utando," aliandika. "Dada, hii ndiyo bahati yetu."

Nilikwenda Chamwino nikiwa na wasiwasi wa kumkosea fundi. Nilijua atakasirika. Wala hakukasirika. Aliinua mabega tu.

"Kuacha ni kazi ndogo kuliko kubandika. Wanataka kimya, wape kimya."

Akachukua moja, akatoa utando kwa ncha ya kisu, akapiga. Ilikuwa sauti nzuri, safi, ya adabu. Kila noti ilikaa mahali pake bila kumsumbua mtu. Nami nilipandwa na hasira, na hapo sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Maisha yangu yote watu walikuwa wananitaka hivyohivyo. Mume alinitaka hivyo, mawifi, kaka yangu na upole wake wote. Uzuri wako sawa, dada, ila punguza hiyo sauti.

"Hapana," nikasema. "Rudisha."

"Si wewe wala si mimi tutakaoisikiliza."

"Rudisha utando."

Akanitazama. "Mswahili, una kichwa kigumu."

"Ndiyo maana niliachwa."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Lakini aliurudisha.

Baadaye nilimwandikia mdogo wangu sababu za kibiashara. Nilimwambia kwamba marimba isiyovuma fundi yeyote wa Dar ataiga kesho, tena kwa bei ya chini. Ilikuwa kweli, na hata leo naiamini, ila niliitafuta baada ya kuamua. Niliamua kwa hasira na sioni aibu. Mdogo wangu alinijibu kwa sentensi moja kwamba nimechezea riziki. Mwenye duka akanunua kwingine.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Mnada wa intaneti ulikuwa kimya, maana nani anunue kwa mtu aliyesemwa vibaya? Kitanda nilikiuza. Habari Dodoma hazihitaji intaneti, na wala haikuchukua muda kaka akaja Miyuji na pikapu ya kuazima, amemleta na mtu wa kubeba vitu. Alisimama katikati ya chumba changu, akatazama mkeka, akatazama marimba zilizojaa pembeni.

"Tupakie," akasema. "Mkataa pema, pabaya panamwita. Watu wananiuliza, nami sina jibu."

"Waambie waje waniulize mimi. Miyuji si mbali."

"Utakula hizi mbao?"

"Nitakula mlenda mtupu, kaka, lakini nitaupikia kwenye jiko langu."

 Nilijua kaka ananipenda, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu. Angekuwa mkatili ningemfukuza na kulala usingizi. Nilisimama tu mlangoni nikiwa nimekunja mikono, mpaka yule mbebaji akachoka akarudi kukaa kwenye gari. Kaka aliposhuka ngazi aliacha kiroba cha unga kibarazani. Unga niliupokea. Mimi ni mkaidi, si mjinga.

Kutokana na unga ule nilipata nguvu ya kufanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Niliandika mwenyewe maelezo ya marimba, kwa Kiswahili, nikamwomba mdogo wangu ayatafsiri bila kuongeza sukari. Niliandika kwamba marimba hii inavuma, haijapasuka, na anayetaka chombo cha kimya asipoteze pesa yake. Niliandika kwamba lile tundu lisifutwe. Na kwamba utando ukichanika njiani, mnunuzi aache pembe moja ya nyumba yake bila kuifagia, asubiri, buibui wa kwao atamsaidia.

Mdogo wangu alisema nimetukana wateja. Akayaweka hata hivyo, labda kwa kunikomoa.

Waliokuja walikuwa wachache, ila walikuwa watu wa muziki, na walipandisha dau kama watu wanaogombea mtoto. Mmoja akaandika kwamba amemkuta buibui bafuni kwake na sasa mkewe hamruhusu kupiga chombo usiku. Sikuwa tajiri, na hadi leo si tajiri. Nililipa kodi, nikaendelea kulipa, nikanunua kitanda kingine, na fundi akaendelea kunitoza zaidi kila nilipochukua nyingi.

Kwetu kaka hapigi hodi kwa dada yake. Nyumba ya dada ni kama yake, anasukuma mlango anaingia, anauliza kuna chai. Jioni moja nilikuwa nafunga mzigo wa posta nikasikia viatu vya kaka yangu kibarazani, viatu ninavyovijua tangu utotoni. Nikangoja mlango usukumwe. Haukusukumwa. Akakohoa kidogo, akasema, "Hodi."

Nilikaza kamba, nikafunga fundo, nikalijaribu kama limeshika. Akarudia, "Hodi humu." Nikakata kamba iliyobaki, nikaweka mkasi mahali pake. Ndipo nikamwambia karibu.