Barabara ya Mlangoni kwa Mama Limi

Maige alikuwa mdogo wangu wa kufuatana, na ukaidi ule sijui aliutoa wapi. Mwaka wa hamsini na mbili, serikali ilipoagiza kila mtu alime kwa matuta, yeye akasema shamba la baba halipangiwi na mgeni. Wakamfunga miezi sita Shinyanga mjini.

Nilikwenda kumtazama. Wafungwa walikuwa wamejazana mle gerezani hata wengine wakalala wamekaa, na ndoo ya choo iko palepale penye uji. Maige alikuwa anaharisha damu. Amebaki mifupa mitupu. Nililia mbele ya askari, wala sikuona haya.

Askari mwenyewe, Theonest, Mzinza mmoja mwenye utu, akaniita kando. "Mama Philomena, umekuja utaratibu mpya, kifungo cha nje. Mwenye kosa dogo analala kwake, mchana anachimba barabara. Mwambie akubali, humu ndani hamalizi mwezi."

Nikarudi kwa Maige kwa furaha, nikamweleza. Akauliza, "Barabara ipi, dada?"

"Ile ya kwetu, inayopita kwa Mama Limi."

Limi ni mke wake. Mama huyo ndiye mkwewe, na barabara inapita mlangoni kwake kabisa. Kwetu Usukuma mwanamume akimwona mama mkwe njiani anaingia porini mpaka apite.

"Nichimbe kifua wazi, nyapara ananitukana, mkwe wangu anatazama?" akasema. "Hapana."

"Una watoto, mjinga wewe. Heshima ya mkwe watakula?"

Akanigeuzia mgongo. Hata Theonest alimbembeleza, wapi.

Alikufa kabla pamba haijavunwa. Askari walimzika wenyewe, sisi tukaonyeshwa tuta la udongo nyuma ya ukuta wa gereza. Limi alikaa pale hadi nikamwinua kwa nguvu.

Msibani Mama Limi akanifuata jikoni, akaniuliza kwa nini mkwewe alikataa kutoka. Nikamwambia wazi, tena kwa ukali, maana nilitaka na yeye aumie.

Alikaa chini kwenye majivu.

"Mngeniambia, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Ningehamia kwa kaka yangu mpaka amalize."

Kaka yake anakaa ng'ambo ya mto. Ukisimama mlangoni kwa Mama Limi, unaliona paa lake.