Kamba Juu ya Sola

Mimi nina hasira za karibu. Waliofanya kazi nami katika zahanati ya Kiongoroni watakwambia hivyo, na hawatakuwa wamenisingizia. Nilipelekwa huko nikiwa nesi mgeni, mtoto wa wakulima wa Mtawanya niliyezoea ardhi isiyotitia. Huko ni deltani, matope na mikoko, kila kitu huja kwa boti, na boti nayo husubiri maji yajae.

Kwa hiyo tulipofungiwa paneli nne za sola nilifurahi kama niliyejengewa nyumba. Walizifunga uani, juu ya nguzo za mikoko zilizofika kiunoni, maana bati la paa lilishaliwa na chumvi. Tukapata na friji la chanjo. Kabla ya hapo chanjo zilikuja na barafu siku ya kliniki, na boti ikikwama, kina mama waliopiga kasia tangu alfajiri walirudi na watoto wao vilevile. Mtu asinisimulie ubaya wa sola kama hajawahi kumwona mama akigeuza mtumbwi na mtoto hajachanjwa.

Ubaya lakini ulikuwepo. Masika, wingu likikaa siku tatu, kipimajoto cha friji kilipanda, na presha yangu ikapanda nacho. Chumvi ilitafuna skrubu. Fundi alikuwa akikaa Kibiti, na alikuja akijisikia.

Mwaka mmoja mvua zilipopungua na jua likaanza kuchomoza, nilitegemea friji lipate nguvu. Wapi! Jua linawaka, friji linazidi kupata joto. Asubuhi moja ya kliniki nikatoa vichupa vya matone ya polio, nikakuta kile kialama kwenye lebo kimegeuka cheusi. Maana yake dawa imeharibika, ni ya kutupa. Barazani wanawake wamejaa, watoto wameshapimwa uzito. Nikatoka uani kutazama kulikoni.

Paneli zilikuwa zimeanikwa kamba. Tatu kati ya nne, kamba wekundu wamepangwa mstari kwa mstari. Bibi mmoja, jirani yetu wa nyuma ya zahanati, alikuwa akiwageuza kwa kiganja, mgongoni kambeba mjukuu wake wa miezi minane. Mama wa mtoto alikuwa kibaruani Ikwiriri. Bibi ndiye aliyekuwa akimlea.

Hata shikamoo sikumpa. Nilimfokea mbele ya kina mama wote, nikamwambia ameharibu dawa za watoto wa watu. Nikawakumba kamba wake kwa mkono, wakamwagika matopeni.

"Chini kumerowa, nesi," akasema. "Mie naona hapa pana moto, na kuku hawafiki. Kamba hawa wadogo ndo wa kulizuia jua?"

"Usikanyage tena zahanati hii," nikamwambia. Nilisema hivyo hivyo, kwa mdomo wangu.

Akainama, akaokota kamba wachache waliookoteka, akaondoka. Mtoto alikuwa akinitazama kutoka mgongoni.

Jioni hasira ziliposhuka, aibu ikapanda. Siku paneli zinafungwa, fundi alinieleza kwamba hata kivuli kidogo kwenye moja kinazipunguza nguvu nyingine. Nikaitikia kwa kichwa, sikumwambia mtu. Niliona ni habari za kitaalamu, wanakijiji za nini. Tena kamba wale nilikuwa nikiwala! Wiki nzima bibi aliniletea kwenye bakuli, nami nikamsifu kwamba hawana mchanga hata chembe. Sikujiuliza mchanga umekwenda wapi.

Paneli zikafutwa, friji likapoa, chanjo mpya zikaja. Kliniki iliyofuata niliwasimamisha kina mama uani, nikawaonyesha na kuwaeleza vizuri. Bibi hakuwepo. Mjukuu alikuwa ametimiza miezi tisa, umri wa sindano ya surua. Nikajiambia ana shughuli, atakuja. Mwezi uliofuata pia hakuja, na wakati huo fununu za surua zilikuwa zimeshafika kijiji cha jirani. Nikamuuliza mama mmoja, mbona bibi haonekani?

"Si ulimkataza mwenyewe?" akanijibu, akimfunga mwanawe kanga. "Basi kakatazika."

Niliona haya mpaka nikashindwa kuendelea kuandika kadi. Watu walipomalizika, nikachukua kiboksi cha chanjo, nikazunguka nyuma. Ni hatua hazifiki hamsini, na kwa miezi miwili sikuzipiga.

Nilimkuta ameketi kizingitini na mtoto mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilikosa mimi."

Alikitazama kiboksi, akauliza taratibu, "Nimeruhusiwa kumleta?"

Nikamwambia nimemfuata mwenyewe. Akamgeuza mtoto, akamshika mkono na mguu barabara, kama mtu aliyewahi kuwashikia wengi. Mtoto akalia, akanyamaza. Ndipo nikaona kavaa shati jeupe lililonyooshwa, kapakwa mafuta, na kadi ya kliniki iko juu ya mkeka, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Mlikuwa mnatoka?" nikauliza.

"Twende wapi?" akasema. "Kila siku ya kliniki namwogesha, namvisha, tunakaa hapa mlangoni. Tunawatazama wenziwe wakiingia."