Maua ya Njano ya Felista

Felista alipoacha kazi ya kufagia kwenye kambi ya watalii, alirudi kwao Ringwani na mche mmoja wa mti wa maua ya njano, akaupanda mlangoni. Watu waliusifu sana. Miaka kumi baadaye mbegu zake, nyepesi kama karatasi, zilikuwa zimepeperuka hadi mlimani, na vichaka vyake vikaziba malisho. Majirani hawakumtukana. Walihamishia ng'ombe kwingine tu, na njia iliyopita kwake ikaota nyasi. Mti wenyewe aliukata, na tangu hapo kila asubuhi hupanda mlimani peke yake kung'oa miche.

Juzi alibishiwa hodi, kwa mara ya kwanza tangu mavuno. Alikuwa Zaitun, muuza vitenge wa Mugumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Kaa, uji uko tayari."

Zaitun alisema ameyaona maua ya mlimani akiwa barabarani, yakampendeza. Aliomba mche aupande mbele ya duka lake.

Felista akaweka kikombe chini. "Huo siwezi kukupa."

"Mmoja tu, mama?"

"Hata mimi nilileta mmoja."

Akamweleza yote. Zaitun alisikiliza, akashukuru, akainuka. Bodaboda ilikuwa ikimsubiri.

"Maliza uji kwanza," Felista alimsihi.

"Nitarudi siku nyingine, mama."

Felista alimsindikiza mpaka barabarani, akasimama pale hadi mlio wa pikipiki ulipopotea. Siku hiyo hakupanda mlimani.