Kahawa Aliyoitembeza Kemilembe

Enzi zetu pale Nyaishozi, miaka ya hamsini ilipokuwa ikianza, tulikwenda shule miguu mitupu kwenye umande, viganja vikinukia ndizi za kuchoma, na alasiri tukapeleka ng'ombe mbugani. Vijana wa leo, wanaohema wakipanda ngazi, watadhani natia chumvi. Sina desturi hiyo. Niyaandikayo niliyaona.

Nasema hivyo kwa sababu ya dada yetu Kemilembe, mtoto wa baba mdogo, mwanamke wa kwanza wa upande wetu kukalia kiti cha jaji. Tangu tulipomzika nimesikia mengi. Wapo wasimuliao kwamba akiwa binti mdogo alisimama barazani akawakemea wazee. Hakusimama. Alipiga magoti. Nilikuwapo, maana mshtakiwa nilikuwa mimi.

Maharage ya jirani yetu, Ta Kaijage (Ta kwetu ni kama kusema Bwana), yalikuwa yameliwa na ng'ombe. Nami nilijulikana kwa kuchunga na kitabu mkononi, basi kijiji kikahukumu mapema. Baba alikwisha kuniambia, "Ikithibitika, shule imekwisha. Utabaki na ng'ombe."

Wazee waliketi uani kwetu juu ya nyasi mbichi zilizotandazwa. Kwa desturi yetu neno zito halikuanza kabla ya kutafuna kahawa, na kuitembeza ilikuwa kazi ya binti wa nyumba. Kemilembe akaja na kikapu kidogo cha buni zilizochemshwa na kukaushwa, harufu yake ikimtangulia. Akapiga magoti mbele ya Ta Kaijage.

"Shikamoo, baba. Pokea kahawa. Ng'ombe wa kaka uliwaona?"

"Marahaba. Mimi nimeambiwa na Ta Mugisha."

Akasogea kwa huyo, akapiga magoti tena. "Shikamoo, baba. Kahawa hii. Wewe uliwaona?"

"Nilisikia kwa mke wangu."

"Huyu anagawa kahawa au maswali?" mzee mmoja akauliza, wenzake wakacheka. Lakini nani angemfukuza binti aliyepiga magoti akitoa kahawa? Kemilembe akaenda hadi mlango wa jikoni, alikoketi mke wa Ta Mugisha.

"Shikamoo, mama. Uliwaona?"

"Marahaba, mwanangu. Niliona maharage yameliwa, nikasema ng'ombe wamepita humu. Wa nani, sikusema. Hayo mmemalizia nyie wanaume."

Ta Kaijage alitafuna kahawa yake kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia baba. "Mwache mtoto asome. Shahidi sina."

Baba hakunitazama. "Kesho usichelewe shule," alisema, akaagiza rubisi iletwe, ile pombe yetu ya ndizi, wazee wanywe.

Mimi nilisoma hadi nikawa mwalimu. Kemilembe alifika mbali kunipita, na sikushangaa.

Siku hizi kahawa tunaiuza yote, hatutafuni. Uani pana viti vya plastiki, na wajukuu wangu humhukumu mtu kwenye simu kabla uji haujapoa. Ukimuuliza mmoja nani aliona, hukutazama kana kwamba umeota pembe. Enzi zile walionisingizia niliwafahamu kwa majina, walikuwa wameketi kwenye nyasi zetu, na binti aliweza kuwafikia mmoja mmoja kwa magoti yake. Mtoto anayesingiziwa leo husingiziwa na watu wasio na uso wala ua. Yeye, nahofia, angebaki na ng'ombe.